Namba Aliyoipanda Baba Mkwe

Watu wengine hufuga kuku. Mimi hutafuta namba. Nasema mapema ili asiyependa aende zake, maana nimechoka na wale wanaosikiliza nusu saa halafu wananiuliza, "Sasa hiyo inakusaidia nini?" Hainisaidii kitu. Hata mpira haumsaidii mume wangu kitu, na sijamsikia mtu akimuuliza.

Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari si mbali na Kapkatet. Nyumbani nina kompyuta ya mezani, kuukuu, ambayo kazi yake ni kutafuta namba tasa, zile ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Si namba tasa ovyo ovyo. Natafuta zilizojipanga kwa hatua sawa. Chukua tano, ongeza sita, unapata kumi na moja. Ongeza sita tena, kumi na saba. Halafu ishirini na tatu, halafu ishirini na tisa. Zote ni tasa, zimesimama kwa nafasi sawa kama mistari ya chai. Ukiongeza sita tena unapata thelathini na tano, na hiyo imekufa, kwa sababu tano inaigawanya. Mstari umeishia hapo. Ulimwenguni kuna watu wanaoshindana kutafuta mistari mirefu kuliko yote, na namba zenyewe ni ndefu hata mtu akizisoma anahitaji kupumzika katikati. Ukivunja rekodi, wenzako wanakupongeza kwenye mtandao na kukuonea wivu. Zawadi ni hiyo tu, na niliitaka mno.

Baba mkwe wangu alikuja kukaa kwetu baada ya mama mkwe kufariki. Alikuwa amevunjika nyonga akiteremka shambani. Hospitali walimtengeneza vizuri, akapewa na fimbo, lakini mzee alikuwa ameshaamua. Alilala akautazama ukuta. Chakula alikionja kama mtu anayepima chumvi. Huyu ni mtu aliyekuwa ndani ya shamba la chai kabla umande haujakauka, maisha yake yote, na sasa jua lilimkuta kitandani na kumwacha huko huko. Mume wangu akirudi kutoka kazini Sotik, hata kabla ya salamu, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Ameamka?" Nami namjibu hapana. Tuliogopa. Tuliogopa kwamba angekufa hivi hivi kwa kukosa sababu ya kuvaa viatu.

Kilichomwamsha ni kelele. Feni ya kompyuta yangu ilikuwa ikivuma upande wa pili wa ukuta wake, na asubuhi moja nikamwona amesimama sebuleni na fimbo yake, nywele zimesimama pia.

"Hii kitu inasaga nini?" akauliza.

"Inasaga namba, Baba."

"Unga iko wapi?"

Nikamweleza kwa mistari ya chai, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumweleza mtu wa huku jambo lolote lililonyooka. Namba tasa ni mche mzima. Inayogawanyika imekufa. Sisi tunatafuta mstari mrefu usio na mche uliokufa. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, halafu akarudi chumbani, na nikadhani ndiyo basi. Kumbe alikwenda kuvaa gambuti. Alirudi akaketi mbele ya kompyuta, sebuleni, juu ya zulia, na gambuti miguuni. Nilipomtazama akaniambia kwamba mtu haendi shambani na slipasi.

Kuanzia siku hiyo aliamka kabla yetu. Nilimwonyesha jinsi programu inavyoonyesha namba nzima na mfu, naye akawa msimamizi. Nikirudi kutoka shule ananipa habari: hii nzima, hii nzima, hii imekufa, pole. Kweli alinipa pole, kwa sauti ile ya kwenye matanga. Jumapili aliizima kompyuta akisema hata ng'ombe wa kulima hupumzika, na mimi niliyeona uchungu kwa kila dakika ambayo mashine hiyo ililala nilinyamaza, kwa sababu siku hizo alikuwa akimaliza ugali wake na kuuliza kama kuna mwingine.

Kisha mvua ndefu zikaja na mstari ukaja nazo. Mrefu! Ulikuwa mrefu kuliko wowote niliowahi kuuona kwa macho yangu, wa kuvunja rekodi, isipokuwa katikati namba moja ilikuwa mfu. Moja tu. Wenzake kushoto wazima, kulia wazima, na yenyewe imelala hapo. Niliipiga teke jerikeni tupu ya maziwa mpaka ikafika kwa jirani. Halafu nikachukua ubao wa zamani niliopewa shuleni, nikauegemeza sebuleni, nikauandika mstari wote kwa chaki, namba chini ya namba, na pale palipokuwa na mfu nikaacha wazi, ili kila nikipita nipachukie vizuri. Kwenye kona ya chini niliandika vimistari vifupi vya namba nzima, visivyofika popote karibu na rekodi, vya kujifariji.

Ibada ya nyumbani wiki hiyo ilikuwa kwetu. Pasta aliuona ubao, akataka kujua mateso yangu, nami kwa ujinga nikamweleza. Akaweka mkono juu ya ubao na kufumba macho. "Bwana," akasema, "wewe uliyeigawanya Bahari ya Shamu, leo tunaomba isigawanyike." Watu wakasema amina. Baba ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baada ya hapo nilikwenda Kericho kwa semina ya walimu. Simu yangu iliingia kwenye beseni la maji siku ya kwanza, kwa hiyo sikujua lolote la nyumbani hadi Jumamosi niliporudi na kuona, kutoka barabarani, hema kubwa jeupe uani kwetu.

Mtu wa huku akiona hema kwake bila kuambiwa, anajua. Nilishika ua wa nyumba ya jirani nikasema peke yangu, "Amekwenda." Nilitembea hadi getini nikiwa tayari nimeanza kulia, na mtu wa kwanza niliyemwona ni marehemu mwenyewe, ameketi meza ya mbele, gambuti zimesuguliwa zinang'aa, amevishwa shingoni sinendet, ule mmea wa kutambaa tunaowavisha washindi wa mbio. Kando yake alikaa pasta, chifu, na mwalimu wangu mkuu aliyevaa tai. Nyuma yao, ubao wangu. Juu yake bango: PONGEZI KWA REKODI YA DUNIA.

"Mwalimu!" pasta akapiga kelele. "Pengo limezibwa! Si tuliomba?"

Nikautazama ubao. Palipokuwa wazi palikuwa na namba, kwa mwandiko mkubwa uliolalia upande. Niliijua namba hiyo. Ilikuwa ya kimoja cha vile vimistari vifupi vya pale kona, na pale kona sasa palikuwa pamefutwa kwa mkono wa shati.

Nikamwinamia Baba. "Baba, nani ameandika hapa?"

"Mimi. Nimetoa mche hapo chini. Si ulisema ni mzima?"

"Ni mzima, Baba."

"Shamba ikiwa na pengo, unangoja nani? Tumeomba, sawa. Lakini Mungu hashiki jembe."

Nitamlaumu vipi? Hakuna mkulima wa chai kutoka hapa hadi Silibwet ambaye angefanya vingine. Mche ukifa unachimbua, unachukua mwingine mzima kutoka nasari ya miche, unapanda hapo, na maisha yanaendelea. Hakuna anayekuja na kamba kupima kama umesogea kidogo. Pasta alipomkuta anapangusa chaki mikononi, na mstari umejaa, aliona muujiza, akaupiga picha, akaituma kwenye kundi la kanisa. Picha ilifika kwa chifu kabla ya chai ya saa nne.

Nikapewa kipaza sauti. Wanafunzi wangu walikuwa nyuma, wa kidato cha nne, wale niliowaambia mwaka mzima kwamba jibu zuri na jibu sahihi si ndugu. Baba alikuwa akinitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona tangu tumzike mama mkwe. Ningeweza kusema asanteni, tule. Nilimpenda mzee huyo na nilimkasirikia kwa kipimo kimoja.

"Namba hii ni nzima kabisa," nikasema. "Lakini hatua yake si ya wenzake. Haiko kwenye mstari. Pengo bado lipo, na rekodi hakuna."

Kwaya ya kanisa, kwa mazoea, ikaanzisha wimbo kisha ikaacha. Chifu akauliza kama hao wenye rekodi wanaweza kufikiwa kwa mazungumzo. Pasta akatazama ubao kwa muda mrefu. "Kwani hizi zingine," akasema, "haziwezi kusogea kidogo?" Mtu mmoja wa nyuma akataka kujua kama chakula bado kipo. Kilikuwepo, na kililiwa chote.

Baba alivua sinendet, akaiweka mezani taratibu, akaingia ndani.

Jumapili hakutoka. Jumatatu hakutoka. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. "Ameamka?" mume wangu akauliza, nikasema hapana, akasema, "Ungenyamaza tu." Nilimwambia akawafundishe yeye wale watoto, na hatukusemezana tena usiku huo. Nililala nikijua kwamba nilikuwa nimesema kweli na kwamba kweli yangu ingeweza kumuua mtu.

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilimpelekea chai. Mkaza mwana haingii chumba cha kulala cha baba mkwe, kwa hiyo nilisimama mlangoni nikaongea na pazia.

"Baba, chai."

Nikakisogeza kikombe karibu na pazia.

"Ule mche wako nimeutoa kwenye mstari. Sasa hauna pa kukaa. Niufute?"

Kitanda kikalia. "Unatupa mche mzima?"

"Sina pa kuupanda, Baba."

"Huna, ama hujatafuta?"

Hapo hasira ikanishinda, heshima ikabaki nje. "Sijatafuta! Nitatafuta saa ngapi? Mstari unaoweza kuubeba huenda upo, lakini kuutafuta ni kazi ya mtu wa kukaa na hiyo mashine mchana kutwa, na mimi niko shule! Nani atakaa nayo?"

Kikombe kilikuwa kikinichoma vidole. Nilikuwa karibu kukiweka chini niende zangu wakati mkono ulipotokea kando ya pazia, mkono mkubwa wenye madoa meusi ya utomvu wa chai ambayo sabuni haijawahi kuyatoa, ukakichukua. Nikamsikia akinywa.

"Hii haina sukari," akasema. "Washa hiyo kitu. Nakuja."

Nilikwenda kuiwasha. Machozi yalinizuia kuona kitufe, nikakitafuta kwa kupapasa, huku nikimnung'unikia kwamba sukari ilikuwa vijiko vitatu.