Kura ya Kuku

Shuleni nilisifiwa mwandiko, na mwandiko ndio ulioniponza.

Watu wa mradi walikuja kutuuliza sisi wauza mboga wa Kakamega tunataka soko la namna gani. Ukutani walitundika kitambaa: MJI UNAOJIFUNZA KWA WATU WAKE. Haiya! Nilifurahi, sitadanganya. Jirani yangu wa kibanda, mama mwenye magoti mabovu, alikuwa amenituma nimsemee jambo moja tu: "Waambie ghorofa mimi sitaweza. Mboga inauzwanga chini, barabarani."

Asubuhi nzima walituonyesha picha za ghorofa. Saa saba kuku akaanza kunukia. Mkubwa wao akaniomba niorodheshe watakaokula, ili sahani zisipungue. Yetu tungesema baada ya chakula. Nikaandika juu ya karatasi, kwa herufi kubwa za kupendeza: WATU WA KURA. Kwetu l na r ni mtu na dada yake, hakuna anayeuliza yupi ni yupi. Watu wakajaza majina mbiombio, wengine mara mbili. Tukala obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, mpaka tukalegea. Kuinua kichwa, wageni wameshapanda gari.

Mwezi haukuisha, tangazo likabandikwa: wauzaji wamepiga kura, wote wamechagua ghorofa. Nikaenda ofisini kwao nimevimba kwa hasira. Yule mkubwa akanitolea karatasi yangu.

"Mama, hapa pameandikwa nini?"

"Kura," nikasema. "Lakini ni kura ya mdomo! Ya kuku!"

"Na mwandiko ni wa nani?"

Nikaondoka bila kuaga.

Soko likajengwa, na ni zuri kweli. Siku hizi wageni wa miji mingine huletwa kujifunza jinsi wananchi walivyosikizwa. Karatasi yangu imetiwa fremu pale mlangoni. Wanaipiga picha, wanasifu mwandiko.

Jirani yangu hajanigombeza hata siku moja, na afadhali angenigombeza. Kila asubuhi nasikia kikapu chake kikigonga ukuta, kisha kimya, anapumua. Ngazi zote amezibatiza jina moja.

"Dada," ananiita kutoka chini, "ngoja, nimebakisha kura sita."

Naacha sukuma wiki zangu, nashuka kumpokea kikapu.