Bunduki Nzito Alipewa Ambakisye

Siku yangu ya kwanza katika kikosi cha wanyamapori Mbeya, nilikuwa nimeshajichagulia bunduki kwa macho: ile 458, nzito, yenye mtutu mnene. Hiyo ilikuwa ya tembo na nyati. Risasi yake huvunja mfupa na kuendelea, na aliyeibeba ndiye aliyetangulia mbele. Nyingine ilikuwa 375, nyepesi kidogo, ya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, na simba, na nyati pia kama mpigaji anajua pa kulenga.

Mkuu wa Kikosi alikuwa na mtihani wake. Alikupa mgongo, akapakia bunduki, akakukabidhi upige bila kujua kama ndani mna risasi au ganda tupu. Mimi nilipewa ganda. Nilivuta kifyatulio, hapakulia kitu, lakini mtutu uliruka na macho yakajifumba.

"Kijana, unaogopa teke lake hata halijaja," alisema. "Chukua 375, hiyo utapiga vizuri."

Ambakisye, niliyeajiriwa naye siku moja, alipewa ganda vilevile. Hakupepesa hata kope, akapewa 458. Nilimchukia palepale.

Nikahamishiwa Iringa, naye akaletwa hukohuko. Mwaka mmoja nyati mzee alivamia mashamba karibu na Mafinga, akajeruhi mtu. Mkuu wa Kituo akaagiza, "458 mbele, 375 nyuma." Nyati akatutokea ubavuni, upande wangu. Nilimpiga begani kwa risasi ngumu, ile isiyopasuka ikiingia mwilini, miguu ya mbele ikakunjika. Ndipo Ambakisye akammalizia. Mlio wa 458 ulisikika hadi viwanda vya mbao. Akina mama walipiga vigelegele, wakambeba yeye. Mimi niliambiwa nisaidie kuchuna.

"Nimeona, ni yako iliyomwangusha," Mkuu wa Kituo alininong'oneza. Kwa nini alinong'ona?

Vijana, chagueni bunduki ambayo bega lenu linaiweza. Mlio hauui nyati. Nasema kweli tupu, na bado ningeichukua 458.

Sasa tumestaafu, tumerudi Mbeya, mimi mtaa wa Soweto, yeye Ilomba. Teke la bunduki ile, la miaka yote, limemharibu bega. Mkono wa kulia haupandi. Kila Jumapili baada ya ibada namvalisha koti.

"Ndaga, kaka," hunishukuru.

Watu wakipita huwaonyesha watoto wao: "Bega lile ni la 458!" Langu ni zima kabisa. Hakuna anayeliulizia.