Fotei ya Koko Isiyo na Miguu

Basi, rafiki, mwezi uliopita nilirudi Bunia kufungua nyumba ya koko wetu, mama ya baba yangu. Watoto wangu walitangulia mu chumba cha nyuma, nikasikia wanacheka mpaka wanakohoa. "Mama, kuja uone! Fotei haina miguu!" Ilikuwa ile kiti kubwa ya mikono, ya mbao nyekundu, imekatwa chini kabisa, ukiikalia magoti yanafika ku kidevu. Wao walicheka, mimi nilikaa ndani yake nikalia. Acha nikuelezee.

Miaka ya sabini, mbele ya nyumba yetu kulikuwa garaji ya Kalasinga. Ndivyo siye wote tulimuita, naye aliitika: muzee wa Kihindi, kilemba cha bluu, ndevu mpaka kifuani, bangili ya chuma ku mukono uliojaa graisi. Malori ya kwenda Gety na Boga yalimungoja yeye ayatengeneze. Nywele zake hazikuwahi kuguswa na makasi, maana kwao nywele ni zawadi ya Mungu na zawadi haikatwi. Sanamu ya kuabudu hakuwa nayo. Alituambia Mungu ni mumoja, hana sura, na kitabu chao kitakatifu ndicho guru wao wa mwisho.

Siku ya Mungu, tukitoka misa, tulikuta garaji imefagiliwa, mikeka imetandikwa mustari mumoja murefu. Bibi yake alipika dengu, chapati, na haluwa ya unga uliokaangwa mu siagi. Weh, ile harufu! Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa pale mustari unapoishia. Ukiangukia karibu na shofeli wa lori, au muchimbaji wa zahabu wa Nizi, au mama wa soko, ndiye jirani yako. Hakuna aliyeulizwa kabila wala kanisa. Yeye mwenyewe alipita ameinama, anagawa. Siku moja koko akamuuliza kwa nini tajiri anatumikia watu wa barabara.

"Mama, guru wetu wa kwanza alifundisha hakuna mutu wa juu, hakuna wa chini," alijibu. "Kusema na mudomo ni kazi rahisi. Kaa chini, kula na mwenzako, hapo umesema kweli."

Halafu serikali ikaanza kuchukua maduka ya wageni na kuyapa wana-inchi. Garaji ikabaki, na neno lake lilikuwa mu mukono wa komisera, mukubwa wa serikali pale kwetu. Tukasikia siku ya Mungu anakuja kula kwa Kalasinga, aangalie kama atamuachia garaji yake. Kartie nzima, majirani wote, ilikosa usingizi. Na koko wangu, maskini, akaamua kusaidia.

Alikuwa na fotei moja tu, fahari ya nyumba. Siye hatukuruhusiwa hata kuipangusa kama hasimami hapo. Akatubebesha kuvuka barabara, akaiweka ku kichwa cha mustari, akaitandikia kitambaa cheupe. Komisera alipofika, akaifuata moja kwa moja. Kalasinga akaunganisha mikono.

"Mukubwa, karibu sana. Lakini hapa siye wote tunakaa chini."

"Hata mimi?"

"Hata mufalme. Zamani mufalme wa inchi yetu alikuja kuona guru wetu wa tatu. Alikaa chini kwanza, akakula na maskini, ndiyo akamuona."

Jamani! Chapati iliungua ku moto na hakuna aliyegeuka. Komisera akaangalia fotei, akaangalia mikeka, akatuangalia siye watoto na midomo ya dengu. Akarudi mu gari yake. Haikupita mwezi, garaji ikapewa mutu mwingine.

Koko alilia kama amefiwa. "Ni fotei yangu! Kama haingekuwepo, angekaa tu!" Bila garaji, Kalasinga akaamua kuhama; siku ya safari akavuka barabara kuaga, akamukuta ameangalia ukuta.

"Mama, kiti haina kosa."

"Iko nayo!" koko akafoka. "Weye ni fundi. Kata miguu yake!"

Kalasinga akacheka mpaka kilemba kikatikisika. Akatuma mutoto alete musumeno, akakata miguu yote minne palepale. Koko akakaa mu fotei, yeye ku sakafu pembeni, mabega yao sawasawa, wakakula ndizi. Kisha akaenda.

Tangu pale koko alitandika mikeka uani kwetu kila siku ya Mungu, akapika madesu, ndiyo maharagi, na sombe ya majani ya muhogo, kwa yeyote. Rozari haikutoka ku shingo yake, lakini mustari ni mustari. Miaka ya themanini ilipofika, komisera alikuwa ameshafukuzwa kazi. Muchana mumoja alisimama ku mulango wetu, amekonda, koti linamupwaya. Roho yangu ilichemka. Mimi ningemufukuza na fagio.

"Vua viatu, baba," koko akasema. "Mustari unaishia hapa."

Akavua, akakaa. Alipokula nusu, akauliza kwa sauti ya chini Kalasinga alienda wapi. Hatukujua, na mpaka leo sijui. Koko akamuongezea madesu.

Sasa pale pa garaji wanauza pikipiki. Koko hayuko, mikeka iliisha, na siku hizi tunakula mulango umefungwa, hata mimi. Ile siku ya kufungua nyumba, seremala jirani alipita, akaona fotei, akasema anaweza kuirudishia miguu, itakuwa mupya kabisa. Nilimufukuza kwa makelele, naye hakuwa na kosa lolote. Alipofika barabarani nikamuita arudi. Nikamwambia avue viatu, akae chini, tule.