Faili la Majaribio

Fundi aliyekuja kuunganisha diski ya picha kwenye ruta ya intaneti, ili nyumba nzima izione bila kugombania waya, alikuwa na mikono mikubwa iliyoshika kila kitu kama yai. Alipuliza tundu la ruta, akapangusa plagi kwa pindo la shati, akachomeka. Kisha akazunguka na simu yake chumba hadi chumba, akifungua faili moja tu alilolitia kwenye diski ile kwa majaribio. Mama mwenye nyumba alimfuata unyounyo, roho juu, maana picha zote za wanawe zilikuwa humo. Sebuleni sauti ya bibi kikongwe ikauliza kutoka kwenye simu, "We, umekula lakini?" Jikoni ikauliza tena. Chumbani tena.

"Nani huyo anayekuandama na chakula?" Mama alishindwa kuvumilia.

"La majaribio tu hilo, mama. Kila nyumba natumia hilo hilo."

Barazani, mwisho kabisa, faili likafunguka papo hapo. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini kabla ya kulifuta kwenye diski fundi aligeukia ukuta, akalifungua mara nyingine, na mama akamsikia akijibu kwa sauti ya chini:

"Bado, bibi."