Betri Zilizoanikwa Juani

Usiniambie msiba ulinichanganya akili. Wameshaniambia wengi, akiwemo mchungaji wetu na dereva mmoja wa lori ambaye hata jina langu halijui. Wote niliwajibu hivi: mimi ni mama ntilie wa Tunduma, napikia watu wa foleni ya malori, na namjua mlevi, mwongo na mwenye njaa kabla hajafungua mdomo. Niliyemkuta kwenye ukungu wa Ibaba, kijijini kwetu milimani Ileje, hakuwa hata mmoja wa hao. Nilimwona mchana, nikiwa nimeshiba, kwa macho yangu yote mawili, na ushahidi ninao jikoni kwangu mpaka leo.

Nianze na mdogo wangu Ambokile, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu. Alimaliza kidato cha sita akawa anakaa kwangu Tunduma akisubiri mambo ya chuo, na kusubiri kwenyewe kukageuka kuwa kazi. Siku moja alivuka upande wa Zambia, akachakura kwenye malundo ya vifaa vilivyotumika, akarudi na kalkuleta kubwa nyeusi, ile ya kuchora grafu, yenye kioo kama cha simu za zamani. Nikamuuliza anataka kuhesabu maandazi yangu au nini. Akacheka tu. Alichomeka waya kwenye kitundu cha pembeni, upande wa pili akaunga spika aliyoing'oa kwenye redio mbovu, akabonyeza, na kile kitu kikaanza kuimba.

Nikuelezeje ule mlio? Kalkuleta haikuumbwa iimbe. Kile kitundu ni cha kuiunganisha na kompyuta, ila yeye alipata programu ya kufanya umeme uwake na kuzimika humo haraka haraka mpaka ukawa sauti. Ndivyo alivyonieleza, nami nilikuwa nageuza chapati. Ilikuwa sauti kavu, ya kukwaruza, kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, lakini nyigu anayejua kuimba. Kila sauti aliiandika kwa namba, moja baada ya nyingine, kwa kidole gumba cha kulia na kidole kidogo cha kushoto. Sijaona mtu mwingine anayebonyeza hivyo. Madereva walimcheka, halafu wakaanza kuhamia na sahani zao nyuma ya jiko. Wazambia waliokuwa wakifika na salamu zao za "mulishani" wakawa wanauliza kwanza yuko wapi kijana wa muziki.

Kulikuwa na wimbo mmoja aliomtungia mama. Ulianza chini, polepole, ukapanda kama mtu anayepanda kilima chetu na mzigo kichwani, halafu ukifika juu kabisa unakatika. Nilimuuliza mbona hauishi. Akasema, "Mwisho wake bado, dada. Nikiupata utausikia."

Hakuupata. Pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye mvua akiwa anakwenda nyumbani kumsalimia mama, na tukamzika Ibaba, nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Matanga yalipoisha na watu kutawanyika, mama alikataa kula. Hakulia wala hakugomba na mtu. Alikaa kwenye mkeka, uji ukapoa mbele yake, akageuza uso. Wamama wa kanisani waliomba mpaka sauti zikawakauka. Nilikuwa nimekuja na begi la Ambokile, lenye kalkuleta, spika na hedifoni zake ndogo za kusikilizia peke yake, na jioni moja, nikiwa nimeishiwa la kufanya, nilitoa kalkuleta nikaiwasha. Wimbo ukaanza. Mama akageuka. Ulipokatika pale juu, akasema, "Hapo amekwenda kunywa maji." Halafu akachukua kikombe cha uji, akanywa chote.

Tangu siku hiyo hatukula bila ule wimbo. Asubuhi nyigu analia, mama anakunywa uji. Mchana nyigu analia, mama anakula ugali na maharage. Niliona mashavu yake yanarudi, nikaanza kufikiria jiko langu nililoliacha Tunduma. Kisha sauti ikaanza kufifia. Betri zilikuwa zinakwisha.

Utasema, si ununue nyingine? Sikiliza. Ambokile alishanieleza kwamba ndani ya ile kalkuleta kuna kibetri cha duara kama cha saa, na kazi yake ni kushika kumbukumbu wakati betri kubwa zinabadilishwa. Kibetri hicho kilikuwa kimekufa. Ukitoa betri kubwa, kila kitu kinafutika palepale. Kwa hiyo nilitakiwa nitafute kwanza kibetri cha duara. Nikamwambia mama asibonyeze chochote, asije akaharibu, nikashuka mpaka Tunduma, nikahangaika kwa mafundi mpaka nikakipata.

Nilikuwa nimemwambia asibonyeze. Sikumwambia asianike.

Aliyekulia kwetu anajua. Betri za tochi zikilegea, tunazitupa? Tunazitoa, tunazianika juani, jioni zinarudisha nguvu kidogo. Mama amefanya hivyo maisha yake yote, kwa tochi na kwa redio ya marehemu baba. Aliona sauti ya mwanawe inafifia, na siku hiyo bahati mbaya jua lilitoka Ibaba. Nilipofika nilizikuta betri zimepangwa kwenye ungo juu ya banda la kuku, vizuri kabisa, na mama amekaa pembeni akifukuza kuku wasizidonoe. Akaniambia kwa furaha, "Leo ataimba kwa nguvu."

Nikazirudisha betri. Kioo kikawaka kikaandika kwamba kumbukumbu imefutwa. Nilijaribu kusema kalkuleta inahitaji fundi, inahitaji kupumzika, sijui nini. Mama akaushika ule ungo mtupu. Akasema, "Nimemuua mara ya pili." Baada ya hapo alifunga mdomo, na safari hii haukufunguka hata kwa maji ya kijiko.

Nilizunguka, niamini. Nilimwacha mama na jirani yetu, mama Tuntufye, nikaenda Itumba, Vwawa, hadi Tunduma tena. Fundi simu mmoja alinifungulia ile kalkuleta mpaka mifupa yake, akaifunga, akanipa pole. Kwenye duka la kompyuta waliniambia kilichofutika humo hakirudi. Nikarudi milimani mikono mitupu, nikishuka kwenye gari barabarani na kupanda kwa miguu, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga watu wa kuchimba kaburi. Ndiyo, mama yangu akiwa bado anapumua. Hujui kukata tamaa mpaka umejikuta unachagua sehemu ya kaburi la mtu aliye hai.

Ukungu ulishuka nikiwa kwenye mashamba ya pareto. Ukungu wa kwetu si wa mchezo, unaweza kupotea kati ya mlango wako na choo chako. Ndipo nikasikia nyigu kwenye kopo.

Ulikuwa ule wimbo. Ulikuwa unapanda kilima, polepole, mbele yangu. Kisha mtu akaita, "Dada."

Kwetu mtoto anafundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu: ukiitwa kwenye ukungu, huitiki mpaka uitwe mara tatu, maana mwenye mwili hachoki kuita, asiye na mwili hafikishi mara ya tatu. Nililijua hilo. Lakini niliitika palepale, mara ya kwanza, tena kwa kukimbia. Ungekuwa wewe ungesubiri?

Alikuwa amekaa kwenye karavati, kijana wa rika la Ambokile, amevaa koti la mvua. Hakuwa Ambokile. Nilimtazama vizuri usoni, na kila nilipopepesa macho nikawa nimemsahau alivyo. Mimi nilikuwa nimelowa mpaka ndani, koti lake lilikuwa kavu kama limetoka kupigwa pasi. Na maneno yake yalinitisha kuliko koti. Huku kwetu mtu akisema sentensi moja ya Kiswahili unajua huyu Mndali, huyu Mnyiha, huyu Mnamwanga. Kiswahili cha yule kijana hakikuwa na kwao.

Mikononi hakuwa na kitu, na wimbo ulikuwa umenyamaza. Akanyoosha mkono. Sikumwuliza yeye ni nani, nikampa kalkuleta. Akaanza kubonyeza, na hapo nikakaa chini kwenye matope. Alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba cha kulia na kidole kidogo cha kushoto.

Alipomaliza, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri zote, akaniwekea kiganjani. Zilikuwa za baridi sana. Kalkuleta ikaendelea kuwaka.

Akasema, "Mwisho wake upo sasa. Wimbo ukifika pale alipokuwa akiishia, zima. Atakayesikia mpaka mwisho ataitika."

Nikauliza, "Atamwitikia nani?"

Niliinamisha kichwa kuifunga kalkuleta kwenye kanga isilowe, nilipoinua hakukuwa na mtu. Nyasi za pale karavatini zilikuwa zimejaa umande, hazijalala hata jani moja.

Nilifika nyumbani nikauwasha wimbo kabla sijavua viatu. Mama akageuka. Ulipofika juu nikabonyeza kuzima. Akasema, "Hapo amekwenda kunywa maji," akaomba uji. Mama Tuntufye akaangua kilio, nami nikatoka nje kulia peke yangu.

Basi tukaishi hivyo. Lakini sasa nilikuwa mlinzi wa kidole changu. Sikuweza kumwachia mtu ile kalkuleta, sikuweza kurudi Tunduma, sikulala bila kuifunga kiunoni. Jiko langu likachukuliwa na mwingine. Nikakonda nikawa mimi ndiye wa kuhurumiwa. Mama alikuwa anaona. Siku moja akaniuliza mbona siku hizi wimbo unakatika kwa kubonyezwa, mbona namkatisha mwanawe. Nikashindwa kumdanganya, nikamweleza yote, ukungu, koti kavu na yale maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe una maisha yako kule mpakani, mwanangu." Nikamwambia maisha yangu ni yeye. Akatabasamu, akanisifia uji.

Wiki ileile aliniomba nimsukie nywele. Nilikuwa nimeweka kalkuleta chini ili nimsuke vizuri, na baada ya hapo akaniambia niende kisimani, maji yameisha. Kwenye ndoo maji yalikuwepo, nililijua hilo baadaye. Nilikwenda. Sijui kwa nini sikuichukua. Pengine uchovu, au pengine na mimi nilikuwa nimeshatamani mtu anipumzishe.

Mama Tuntufye alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Anasema hakusikia wimbo wowote. Alisikia mama akisema ndani, kwa sauti ya mtu mwenye furaha, "Naam, baba. Nipo. Nakuja." Baba ndivyo alivyokuwa akimwita Ambokile.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka, nywele zake zimesukwa, uso umetulia. Spika alikuwa ameichomoa. Masikioni mwake kulikuwa na zile hedifoni ndogo za Ambokile, nilizokuwa nimeziacha ndani ya begi. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika simu ya kupapasa alitafuta waya, akatafuta tundu, akachomeka, ili ule mwisho usikike kwake peke yake. Alijua ninaweza kurudi mapema. Hakutaka na mimi niitike.

Tulimzika kando ya Ambokile. Nikarudi Tunduma, nikaanza jiko upya, mbali kidogo na pale pa zamani. Kalkuleta ipo kwenye rafu nyuma ya debe la unga. Kifuniko cha nyuma nimekiondoa makusudi, ukija nitakuonyesha: vyumba vya betri ni vitupu, na kioo kinawaka. Niliitupa mara moja kwenye shimo la taka, nikashindwa kulala, nikaenda kuifukua kwa mikono. Nifanyeje? Watu wangu wote wawili wamo mule.

Jioni biashara ikipoa huwa nauwasha. Unapanda, unapanda, ukifika juu nabonyeza kuzima. Nakwambia ukweli ambao sijamwambia mchungaji: siku hizi kidole changu kimeanza kuchelewa. Juzi nilisikia sauti moja ya mbele, moja tu, nzuri mno, nikajikuta nimeshafungua mdomo.

Kwa hiyo nakuonya. Ukipita milima ya Ileje kwenye ukungu ukasikia mtu anakuita, hata kama ni kwa jina ulilokuwa unaitwa na marehemu wako, kaza mwendo, usiitike. Akikurudishia ulichopoteza, usipokee. Na siku ukija kula kwangu, ukasikia nyigu kwenye kopo nyuma ya jiko, ukaniona nimesimama mwiko mkononi na chapati inaungua, usisubiri mpaka niuitikie ule wimbo. Niite. Nisipogeuka, niite tena, kwa sauti kubwa, mpaka nigeuke.