Karatasi ya Kumbeba Mume Wangu

Mume wangu aliondoka nyumbani kwetu Lubumbashi mchana wa siku ya kazi, nikiwa na mimba kubwa, na hatukupata hata nafasi ya kukaa chini tuagane. Wakati ule wazungu waliuita mji wetu Elisabethville, na Katanga ilikuwa imejitenga, ina bendera yake na pesa zake. Watu wa asili ya Kasai, jimbo jingine la Congo, walikuwa wameanza kufukuzwa mtaani. Mume wangu alikuwa mmoja wao, ingawa hakuwahi kuikanyaga Kasai. Alizaliwa katika mji huu huu. Alikuwa karani katika duka la vitambaa, aliimba kanisani, na alipenda dagaa wakavu wa Pweto kuliko mimi ambaye wazee wangu walitoka huko.

Siku hiyo vijana walivunja madirisha ya jirani yetu kwa mawe. Yeye akaja mbio kutoka kazini, akaweka nguo chache katika shuka, akamshika mama yake mkono.

"Wewe bakia kwa baba yako, uzale kwanza," akaniambia. "Sisi tutaenda ku kamp ya bantu banaofukuzwa. Haitakuwa siku mingi. Bantu batachoka na hizi mambo."

Niliamini. Sote tuliamini kwamba watu wangechoka.

Nikaenda kukaa kwa baba yangu, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na huko nikajifungua mtoto wa kike. Mume wangu alimwona mara moja tu, kambini, kati ya mahema na moshi wa kuni mbichi. Alimbeba vibaya, kama mtu aliyepewa bakuli lililojaa maji. Baada ya hapo kambi ilianza kuondolewa, watu wakapakiwa katika treni za kwenda Kasai. Mama yake alikuwa mgonjwa, hakuweza kumwacha aende peke yake. Niliporudi kambini na uji wa mgonjwa, hema lao lilikuwa na watu wengine.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya mji. Nilirudi kazini mapema, kwa sababu nyumbani nilikuwa nikikaa tu na kuutazama mlango. Padri wa parokia yetu ndiye aliyeniletea habari kwamba serikali ya Katanga imekubali baadhi ya waliofukuzwa warudi, wale waliooa au kuolewa na wenyeji. Sharti moja: awepo mtu wa kuwadhamini. Karatasi yenyewe iliitwa kwa Kifaransa *prise en charge*. Sisi tulisema karatasi ya kubeba mtu. Anayebeba alipaswa kuwa na kazi, nyumba na mwenendo mzuri, na kama aliyebebwa angefanya kosa, mbebaji naye angeulizwa.

Nilifurahi kama mjinga. Kazi ninayo, nikajisemea, na mwenendo wangu parokia nzima inaujua.

Nilikusanya kila kitu. Mkuu wa hospitali aliniandikia hati ya kazi. Padri alitoa cheti cha ndoa. Picha ndiyo ilinisumbua, maana picha pekee ya mume wangu niliyokuwa nayo ni ile ya harusi, tumesimama pamoja. Nikaipeleka kwa mpiga picha wa karibu na soko. Aliipiga upya akiikata nusu yangu, lakini shela langu lilikuwa limemgusa mume wangu begani, na hakuweza kuliondoa. Kwa hiyo katika kila nakala mume wangu alikuwa na kitu cheupe begani, kama amemwagikiwa unga.

Biro, yaani ofisi ya vibali, ilikuwa katika jengo la ghorofa moja, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Karani aliyenipokea alikuwa kijana mpole, amevaa tai, sauti yake ndogo. Ningependa kusema alikuwa mkatili, ingekuwa rahisi zaidi kumkumbuka. Alisoma karatasi zangu zote, moja moja, akazipanga vizuri.

"Nani atabeba huyu muntu?" akauliza.

"Ni mimi. Niko na kazi ku hospitali."

"Mama, uko na bwana?"

"Bwana yangu njo huyu wa ku foto."

Akaweka kalamu chini. "Basi, hapa iko shida. Mwanamuke ya ndoa hawezi kutia sahihi ya kubeba muntu pasipo ruhusa ya bwana yake. Sheria iko vile."

Nilidhani hajanielewa. "Bwana yangu njo ule ninaomba arudi," nikamwambia tena.

"Ninasikia, Mama. Aandike ruhusa, tutapokea."

"Ataandikia wapi? Iko Kasai. Posta haipiti."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Hiyo sasa, Mama, mimi sijue," akasema, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaniuliza, "Wamekubali?" Nilianza kucheka, akanisogelea kunishika, akidhani nitaanguka.

Padri akasaidia tena. Kulikuwa na mmisionari aliyeruhusiwa kusafiri kati ya pande mbili, na kupitia kwake tukampelekea mume wangu ujumbe. Ulikwenda, ukakaa. Masika yakaja na kwisha. Mtoto akaota meno, akajifunza kusimama akishika kiti cha baba yangu. Kila jioni nilipitia parokia, na padri aliponiona langoni alitikisa kichwa kabla sijafika, ili nisitembee bure mpaka mlangoni.

Hatimaye ruhusa ikaja. Mume wangu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa dukani kwamba ananiruhusu mimi, mke wake halali, nimdhamini. Alikuwa ameipeleka kwa mkuu wa wilaya wa huko ikagongwe muhuri, kwa kuwa aliujua ukarani na alijua kwamba karatasi bila muhuri si kitu.

Muhuri huo ndio uliotuua. Karani alipouona alishusha pumzi.

"Mama, hii iko muhuri ya Congo. Hapa ni Katanga. Inchi ingine. Hatuwezi kuipokea."

"Alitaka sahihi yake ikubalike," nikasema. "Huko hakuna muhuri wa Katanga."

"Kama angeiacha bila muhuri, pengine ningefunga macho. Sasa imeandikwa waziwazi."

Nikamuuliza kuna njia gani iliyobaki. Akainama karibu, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba mwanamume yeyote wa ukoo wangu anaweza kutia sahihi mahali pangu. "Baba yako iko?" akauliza.

Baba alikuwepo. Nilikuwa namkwepa tangu mwanzo, si kwa sababu hakumpenda mkwe wake. Alimpenda, kwa namna yake ya ukimya. Lakini alikuwa mzee, amestaafu reli, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya reli. Katika mtaa wetu kulikuwa na vijana waliopita na chaki wakitia alama kwenye milango ya walioficha watu wa Kasai. Na kule kaskazini, karibu na Pweto, mdogo wake alikuwa ameuawa katika mapigano. Hatukujua hata nani aliyemuua, askari au waasi. Tangu habari hiyo Baba alikuwa hawezi kusikia mlango ukigongwa bila kushtuka.

Nilimweleza wakati wa chakula. Aliendelea kumega bukari, ugali wetu, akalowesha kwenye sombe ya majani ya muhogo, akala. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu.

"Akifanya kosa, watakamata nani?"

"Watakamata wewe, Baba."

Akanawa mikono. "Hafanyi kosa, ule mutoto," akasema. "Lakini siku hizi kosa ni kitu gani? Kuzaliwa iko kosa."

Sikumsihi. Alikaa siku kadhaa bila kulitaja tena, na mimi nikaenda kazini na kurudi, nikawafunga watu vidonda, nikawaambia watapona. Kisha asubuhi moja nilimkuta amevaa koti lake la Jumapili, ameketi kando ya mlango na fimbo yake.

"Twende," akasema.

Karani alisimama kwa heshima, akampa kiti. Akamsomea masharti yote kwa Kifaransa, kisha akayarudia kwa Kiswahili polepole. Baba alisikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini.

"Baba, unamujua huyu muntu vizuri?"

"Ni baba wa mujukuu wangu."

"Nauliza kama unaweza kujibu kwa ajili yake. Kwa yote."

"Mimi siwezi kujibu hata kwa ajili yangu," Baba akasema. "Onyesha mahali pa kutia sahihi."

Alilikosea jina lake, ikabidi alianze upya. Tukiwa njiani kurudi alisimama chini ya ukuta wa kituo cha treni akapumua kwa shida, akaniambia nisimshike. Usiku huo hakulala. Nilimsikia akisogeza kiti, akikiweka nyuma ya mlango.

Kibali kilitoka baada ya muda mrefu. Nilikipeleka kwa padri nikilia barabarani bila aibu, na mmisionari akakichukua. Nikaanza kufanya mambo ya watu wenye furaha. Nilifua suti ya mume wangu, nikanunua shuka, nikamfundisha mtoto kumwita baba yake "Tata" akiangalia picha yenye kitu cheupe begani.

Mmisionari aliporudi hakupitia kwa padri. Alikuja mwenyewe hospitalini, akanikuta kwenye chumba cha kubadilishia bendeji. Mikono yangu ilikuwa na dawa. Alikaa kwenye stuli ya wagonjwa.

"Nimemwona," akasema. "Mzima. Mama yake amekufa. Amekataa kuja."

Nikamuuliza kama alimweleza kwamba kibali ni halali, kwamba mzee ametia sahihi.

"Nilimweleza. Alikisoma mpaka mwisho. Akaniambia: mwambie mke wangu, nimezaliwa pale, nimebatizwa pale, baba yangu amezikwa pale. Sitaingia nimebebwa, kama mfungwa anayetolewa gerezani kwa dhamana. Na sitaki mzee akamatwe kwa sababu yangu." Akainuka kwenye ile stuli. "Alilia, Mama. Sikutaka kukuambia, lakini ni haki yako ujue."

Nilimaliza kumfunga mgonjwa wangu. Sijui nilimfungaje. Ninachokumbuka ni kwamba nilimkasirikia mume wangu kwa hasira ambayo sikuwa nimewahi kumpa mtu yeyote, hata wale wa mawe. Hao nilikuwa siwajui. Yeye alijua nilivyosimama kwenye ile foleni, alijua Baba alivyotia sahihi, na bado akachagua heshima yake. Usiku niligeuka nikamwona ana haki. Asubuhi nikamkasirikia upya. Nimeendelea hivyo miaka mingi.

Baba nilimwambia kwa kifupi. Akauliza tu kama sahihi yake inaweza kufutwa. Nikarudi kwa karani. Akasema dhamana haifutwi mpaka aliyedhaminiwa afike mwenyewe na kuomba ifutwe. Sikubishana naye. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimshukuru.

Baadaye Katanga ikaanguka. Milio ya bunduki ilitukuta tumelala chini ya kitanda, mimi, Baba na mtoto, na ilipotulia askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu walikuwa mjini. Nilipopita kwenye ile biro milango ilikuwa wazi na upepo ulikuwa unapeperusha karatasi mpaka barabarani, watu wanazikanyaga. Hakuna aliyehitaji tena kibali cha kutoka Kasai. Nikasubiri. Kila treni iliyoingia nilijua saa yake, hata nikiwa kazini. Wengine walirudi, na majirani zetu wa madirisha yaliyovunjwa walirudi pia. Yeye hakurudi, na hakuleta habari.

Baba alikufa kabla sijapata ujasiri wa kwenda kumtafuta. Nilikwenda nikiwa na mtoto, kwa treni, safari ndefu ya vumbi na ya kushuka na kungoja. Nilimkuta katika mji mdogo, anafundisha shule. Alikuwa amekonda na nywele zimeingia mvi. Alikuwa na mwanamke mwingine, na mtoto mchanga.

Mwanamke huyo hakunitukana. Alinipikia kuku, akanipa maji ya kuoga, akatoka nje ili tuzungumze.

"Baba hajambo?" mume wangu akauliza kwanza.

"Amekufa."

Akafunika uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Binti yangu alijificha nyuma ya magoti yangu. Mume wangu alipomwita, mtoto alikataa kwenda, na mimi sikumsukuma.

"Nilidhani umenisahau," akasema baadaye. "Baada ya vita kwisha nilisema, kama ananitaka atakuja. Nikangoja."

"Mimi pia nilingoja," nikamwambia.

Kila mmoja wetu alikuwa amekaa upande wake wa reli ileile, anasikiliza treni. Nililala usiku mmoja kwenye mkeka pamoja na mtoto, na asubuhi mume wangu alitusindikiza stesheni, amebeba mzigo wangu kichwani bila kuona haya mbele ya wanafunzi wake. Alimnunulia binti yetu karanga. Treni ilichelewa sana kufika, na muda wote huo tulikaa kwenye benchi moja, yeye akimenya karanga na kumwekea mtoto kwenye kiganja, mtoto akizila bila kumtazama usoni.