Mpaka Ngozi Ikatae

Jumatatu, saa tatu asubuhi, ndipo harufu ile ilipoingia nyumbani kwetu Ruaruke: kali, ya kupigisha chafya, ikitoka katika kopo la dawa nyeupe mama alilopewa zahanati. Nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Mwanaidi, wa miaka mitatu, alikuwa na ukurutu toka shingoni hadi magotini, akijikuna mpaka shuka inashika damu. Dresa, mhudumu wa zahanati, alimwambia mama asugue dawa mpaka ngozi ikatae. Kwetu ngozi hukataa pale mafuta yanapobaki juu yakimetameta. Mama akapaka, haikukataa. Akaongeza, ikanywa kama shamba la mpunga lililopasuka kwa kiangazi. Bibi akacheka, "Mke mwenzangu huyu mlafi hata wa dawa!"

Jumatano Mwanaidi akaanza kutapika. Akaziba masikio, analia, "Nyuki, mama, nyuki!" Nyuki hawakuwapo. Bibi akasema ni shetani. Mama akasema dawa haijatosha, akachota nyingine. Mimi nilikuwa mwoga wa kusema mbele ya wakubwa, ila nilitaka kujua dawa yote ile inakwenda wapi. Nikaomba nisaidie kupaka. Kijiko kimoja cha chai nikakipaka kwenye paja lake, kingine kama hicho kwenye paja langu lisilo hata kipele. Ilipoadhiniwa alasiri nikajifuta kwa kipande cha bafta, kikalowa mafuta. Nikamfuta yeye kwa kipande kingine. Kikavu. Nikamwita mama.

"Mama, ngozi yake haijui kukataa."

"Unasemaje? Sema kama mtu!"

"Dawa yote imo ndani ya mtoto."

Nikamwonyesha vile vitambaa. Akavishika kimoja huku, kimoja huku, akavibinya. Kisha akambeba Mwanaidi hadi kisimani, akamwosha mwili mzima.

Sasa niko kidato cha pili, na mwalimu wetu anafundisha kwamba ngozi ni ukuta. Naandika daftarini kama wenzangu, na bado sinyooshi mkono kusema kwamba nimeuona ukuta huo ukivuja. Siku ile lakini nilisema. Kulipokucha Alhamisi, Mwanaidi aliomba uji. Nikafuatana na mama zahanati, nikamwamkia dresa, nikatandaza vitambaa mezani kwake, nikasema, "Mpimie mama dawa kwa kijiko, si mpaka ngozi ikatae," kisha nikakimbilia nje kabla hajanijibu.